Mtoto anakwenda kusoma Ujerumani: je, atalala wapi?

Habari njema ilifika mwezi wa Mei, wakati mikorosho bado haijatoa maua. Binti wa mwenzetu katika jumuiya yetu hapa Lupaso alikuwa amepata nafasi ya kusoma shahada ya pili katika Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, pamoja na mfadhili wa kumpa fedha za matumizi kila mwezi. Vigelegele vilisikika mpaka barabarani. Mjomba wake, ambaye kwa mila zetu za ukoo wa mama ndiye mwenye neno zito, alichinja mbuzi. Sisi akina mama tulipika, tukaimba, tukamshukuru Mungu.

Kijiji chetu hakikuanza leo kutoa watoto wanaokwenda mbali kwa ajili ya elimu. Marehemu Rais Benjamin Mkapa alizaliwa hapa hapa Lupaso mwaka 1938, akasoma Ndanda, Kigonsera na Pugu, akafika Makerere na hatimaye New York. Mwaka 2020 alirudishwa kuzikwa nyumbani. Kwa hiyo mtoto kwenda ng'ambo si ajabu kwetu. Ajabu ni kwamba katika shangwe ile yote tuliuliza juu ya nauli, juu ya baridi na juu ya chakula, lakini hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: mtoto huyu atalala wapi?

Wengi wetu tulidhani kwamba chuo kikikupokea kinakupa na kitanda, kama shule za bweni tulizosoma. Ujerumani sivyo. Chuo kinampa mwanafunzi nafasi ya masomo. Chumba anatafuta mwenyewe.

TULIVYOPONEA CHUPUCHUPU

Mwezi wa Agosti binti alipata tangazo la chumba katika intaneti. Picha zilikuwa nzuri mno: kitanda kipana, dirisha linalotazama bustani, jiko linalong'aa. Kodi ilikuwa ndogo kuliko matangazo mengine yote. Mwenye nyumba aliandika kwa upole, akasema yuko nchi nyingine kikazi, hawezi kuonyesha chumba, ila akitumiwa euro 900 za kodi na dhamana atatuma funguo kwa posta. Alitaka jibu kwa siku tatu kwa sababu "wengine wanangoja."

Euro 900 ni zaidi ya shilingi milioni mbili. Fedha za mfadhili zilikuwa hazijaanza kutoka. Zingeanza binti akishafika na kufungua akaunti ya benki. Na msomaji wa kusini anajua kwamba Agosti ni mwezi mkavu mfukoni. Mnada wa korosho kwa kawaida hauanzi mpaka Oktoba. Mama wa binti akafanya kile ambacho wengi wetu tumewahi kukifanya kwa siri: akaenda kwa watu wa kangomba. Hao huchukua korosho zikiwa bado juu ya mti, kwa bei ya kutupa, kisha wao ndio wanaovuna faida siku ya mnada. Biashara hiyo imekatazwa, lakini shida haina macho. Aliweka rehani magunia mawili, akapewa sehemu ya fedha, na alikuwa anakwenda kutafuta nyingine.

Aliyetuokoa ni padri mmoja mzee aliyewahi kuishi Ujerumani. Mama alikwenda kwake kumwomba mkopo. Padri hakusema ndiyo wala hapana. Aliuliza tu: "Ni nani amekiona chumba hicho kwa macho yake?" Hakuna. Akaomba anwani, akaandika kwa watu wanaohudumia wanafunzi huko Würzburg. Siku mbili baadaye jibu likaja. Mmoja wao alikwenda kwa baiskeli mpaka nyumba ile. Nyumba ipo, lakini yote ni ofisi. Hakuna chumba cha kupangisha, na mtu wa jina lile hajulikani.

Mama alikaa chini akalia. Alilia kwa furaha kwamba fedha hazijakwenda, na kwa uchungu wa magunia yake mawili ambayo yalikuwa yameshakwenda. Sisi tulilia naye. Kisha tukakaa na binti kujifunza upya, polepole, jinsi chumba kinavyotafutwa.

MJI WENYEWE

Würzburg ni mji wa wakazi kama 130,000 kando ya mto Main, katika jimbo la Bayern. Wanafunzi wa chuo kikuu peke yao ni zaidi ya 25,000, na vipo vyuo vingine. Sisi tulio katika kazi ya uuguzi tuna deni kwa mji huo: ni pale, mwezi Novemba 1895, Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miali ya eksirei, ambayo leo inatuonyesha mfupa uliovunjika na pafu lenye kifua kikuu. Tangu mwaka 1966 Würzburg una udugu na mji wetu wa Mwanza. Na si mbali na hapo iko abasia ya Münsterschwarzach, iliyotoa wamisionari wengi waliokuja kusini mwa Tanzania.

Lakini udugu hauongezi vyumba. Kila Oktoba, muhula wa baridi unapoanza, maelfu ya wanafunzi wapya hufika kwa pamoja, na kila mmoja anatafuta pa kulaza kichwa. Watoto wa Wajerumani wenyewe wanahangaika pia. Kwa hiyo binti yako akikosa chumba wiki ya kwanza, asidhani ni kwa sababu ya rangi yake tu au kwa sababu amelaaniwa.

MILANGO YA KUBISHA

Mlango wa kwanza ni hosteli za Studierendenwerk. Hili ni shirika la huduma kwa wanafunzi, na miji ya vyuo Ujerumani huhudumiwa na mashirika ya namna hiyo. Linaendesha mabweni na migahawa. Chumba mara nyingi ni kati ya euro 250 na 400 kwa mwezi, na umeme, maji na joto kwa kawaida vimo humo. Tatizo ni kwamba nafasi hazitoshi: nchi nzima, ni kama mwanafunzi mmoja tu katika kumi anayepata. Kuna orodha ya kusubiri. Kwa hiyo maombi yapelekwe mara barua ya chuo inapofika, wala yasingoje viza. Sisi tulipoteza miezi mitatu, kuanzia Mei mpaka Agosti, kwa kutojua jambo hili.

Mlango wa pili ni wa makanisa. Wakatoliki na Walutheri wana huduma za wanafunzi katika miji ya vyuo, na mahali pengi wana hosteli zao. Hata wakikosa chumba, wana watu wa kuuliza na kusikiliza. Hawaulizi kwanza kama wewe ni wa dhehebu lao.

Mlango wa tatu ni nyumba ya kushirikiana, ambayo Wajerumani huiita WG. Vijana watatu au wanne wanapanga nyumba moja; kila mtu ana chumba chake, jiko na bafu ni vya wote. Hapa anayechagua si mwenye nyumba bali ni hao vijana. Wanamwita mgeni, wanampa chai, wanamwuliza anapenda nini, anapika nini, analala saa ngapi. Watoto wetu waliolelewa kunyamaza mbele ya wageni hushindwa hapo. Tulimfundisha binti azungumze, acheke, aulize na yeye.

Mlango wa nne ni kupanga kwa muda. Mwanafunzi anayekwenda mazoezi ya kazi kwa miezi miwili au mitatu humwachia mwingine chumba. Mwenye nyumba anapaswa kuwa na habari.

Na katika miji kadhaa uko mlango wa tano, uliotugusa sana. Mzee anayeishi peke yake katika nyumba kubwa humpa mwanafunzi chumba, na mwanafunzi hulipa kwa kazi: kununua vitu sokoni, kulima bustani, kuzungumza naye jioni. Hesabu ya kawaida ni saa moja ya kazi kwa mwezi kwa kila mita ya mraba ya chumba, na mwanafunzi huchangia gharama za maji na umeme. Kumwuguza mzee hakumo katika mapatano.

KODI BARIDI NA KODI YA JOTO

Tulicheka tuliposikia kwamba kodi ya Ujerumani ina baridi na joto. Kodi baridi ni ya chumba kitupu. Kodi ya joto ni pamoja na kupasha nyumba joto, maji na taka. Katika tangazo, mwambie mwanao aulize ni ipi iliyoandikwa, maana tofauti yaweza kuwa kubwa. Aulize pia kama umeme na intaneti vimo, na kama chumba kina kitanda. Vyumba vingi vya watu binafsi hukodishwa vitupu kabisa.

Dhamana nayo ina sheria. Mwenye nyumba haruhusiwi kudai zaidi ya kodi baridi ya miezi mitatu, na mpangaji ana haki ya kuilipa kwa mafungu matatu ya kila mwezi, la kwanza anapoanza kupanga. Laiti tungalijua mapema! Mtu anayesubiri mnada wa korosho anaelewa uzito wa mafungu matatu.

Kwa asiye na mfadhili, mzigo ni mkubwa zaidi. Ili kupata viza, wengi hutakiwa kuweka fedha za mwaka mzima katika akaunti maalumu. Kwa mwaka 2025 kiasi hicho kilikuwa euro 11,904, yaani euro 992 kwa mwezi. Kodi hutoka humo humo. Wazazi wakae chini na kalamu kabla ya kuuza shamba.

Mambo ya kushika ni haya:

1. Asitume fedha kwa chumba ambacho hakuna mtu wa kuaminika aliyekiona.
2. Anayesema yuko nchi nyingine na atatuma funguo kwa posta ni tapeli. Usibishane naye, mwache.
3. Asitume nakala ya pasipoti kwa mtu asiyemjua.
4. Mkataba usomwe wote. Kama ni wa Kijerumani, atafute wa kumsomea kabla ya kutia sahihi.
5. Awe na mahali pa kufikia kwa wiki mbili za kwanza, hata kama ni hosteli ya vijana, ili atafute chumba kwa miguu yake.

AKISHAPATA CHUMBA

Ndani ya wiki mbili baada ya kuhamia ni lazima ajiandikishe katika ofisi ya mji, akiwa na karatasi iliyotiwa sahihi na mwenye nyumba. Mwenye nyumba anayekataa kutoa karatasi hiyo si wa kupanga kwake. Iko pia ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi mwaka 2025, inayodaiwa kwa kila nyumba hata kama huna televisheni. Wanaoishi WG huchangia.

Kama wauguzi tunaongeza neno la afya. Wakati wa baridi mgeni hufunga madirisha usiku na mchana. Unyevu wa pumzi na wa sufuria hukaa ukutani, ukungu mweusi huota, na kifua huanza kubana. Wenyeji hufungua dirisha wazi kabisa kwa dakika chache, mara mbili tatu kwa siku, kisha hulifunga. Afanye vivyo hivyo. Taka hutengwa: karatasi peke yake, mabaki ya chakula peke yake, plastiki peke yake. Baada ya saa nne usiku ni kimya. Na dagaa wa kukaanga, jamani, aombe kwanza ruhusa ya wenzake jikoni.

Binti yetu alifikia kwa watu wa huduma ya wanafunzi kwa siku kumi. Oktoba na Novemba alikaa katika chumba cha mwanafunzi aliyekwenda mazoezi. Mwezi wa Desemba orodha ya Studierendenwerk ikamfikia, na dhamana ililipwa kwa korosho zilizobaki, safari hii kwa bei ya mnada. Usiku wa kwanza alimpigia mama yake simu akamwonyesha chumba: kitanda, meza, dirisha moja, theluji nje. Mama aliuliza, "Mlango una kitasa?" Binti akazungusha ufunguo mama asikie. Ndipo mama akalala usingizi.

NA KWETU JE?

Baada ya simu ile tulianza kutazamana. Hapa kwetu, Masasi na Newala, wapo mabinti wa miaka kumi na minne waliopanga vyumba karibu na shule ya sekondari kwa sababu nyumbani ni mbali. Vingine havina kitasa. Wanapika wenyewe, wanalala wenyewe, na anayewabishia hodi usiku si mara zote ni mtu mwema. Sisi wauguzi tunakutana na baadhi yao kliniki, wakiwa na mimba, miezi michache baadaye.

Mgeni mmoja wa Würzburg alipanda baiskeli kwa ajili ya mtoto wa Lupaso asiyemjua. Je, sisi tumewahi kutembea mpaka nyuma ya shule kuona mtoto wa mwenzetu analala wapi? Katika jumuiya yetu tumeanza kwa jambo dogo: kila mama achukue jina la binti mmoja aliyepanga, amtembelee Jumamosi, aangalie mlango, ajue mwenye nyumba ni nani. Wawili miongoni mwetu wamewapa mabinti hao vyumba nyumbani mwao.

Mama mwenzetu, labda mwanao hatakwenda Ujerumani. Lakini jirani yako ana binti aliyepanga. Nenda ukamwone wiki hii, na ukague kitasa.