Njia ya Kuufikia Utafiti wa Uhandisi

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita asomaye Fizikia, Kemia na Hisabati huambiwa kwamba akifaulu vizuri aweza kuwa mhandisi. Ni nadra kuelezwa yampasayo iwapo anataka kuwa mtafiti. Yafaa ayajue mapema, kwani hesabu yake huanza katika mwaka wa kwanza wa chuo kikuu.

Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako Kitivo cha Uhandisi kilifunguliwa mwaka 1973, shahada ya kwanza ya uhandisi huchukua miaka 4, na wastani wa alama hupimwa kwa kipimo cha 5. Wastani wa 2.7 hadi 3.4 ni daraja la pili la chini, 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu. Kwa kawaida 2.7 hutosha kuombea shahada ya uzamili, nayo uzamili hufungua mlango wa uzamivu.

Hata hivyo, nafasi ni jambo moja na fedha ni jambo jingine. Udhamini wa Jumuiya ya Madola utolewao na Uingereza hudai daraja la pili la juu, au la chini likifuatana na shahada ya uzamili. Basi mwenye 3.4 aweza kukubaliwa na chuo, lakini akakosa wa kumlipia. Shirika la DAAD la Ujerumani nalo, kwa kawaida, hutaka shahada ya mwisho isizidi umri wa miaka 6. Aliyekawia kazini aweza kuachwa ingawa alifaulu sana.

Sharti jingine ni swali la utafiti. Kusema "nitachunguza maji ya Arusha" hakutoshi. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floridi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani; mkaa wa mifupa huipunguza. Swali lifaalo ni hili: mifupa ichomwe kwa joto la kiasi gani ili mkaa wake unase floridi nyingi zaidi? Hilo lapimika maabarani, na msimamizi aweza kuliongoza.

Mwalimu amzoezaye mwanafunzi kuuliza swali lipimikalo amekwisha kumwanzisha safari hiyo.