Mtindi wa mtoto Sumbawanga: kikopo kitamu cha dukani au maziwa mgando ya nyumbani?

Ingia duka lolote lenye friji ya vioo Sumbawanga mjini, utavikuta vimepangwa mstari wa mbele: vikopo vya mtindi vyenye picha za matunda, vingine vina katuni. Mama aliyetoka kliniki akiwa ameambiwa mtoto apewe maziwa na vyakula vya aina mbalimbali atachukua kimoja. Mtoto atakimaliza na kudai kingine. Mama ataona amefanya vizuri.

Tatizo ni kwamba ndani ya kile kikopo, pamoja na maziwa, mara nyingi kuna sukari ambayo kliniki hawakuizungumzia.

Kwa mkoa kama Rukwa hili si jambo dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kuwa watoto 56 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka 5 mkoani humo wamedumaa, kiwango kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Utafiti wa 2022 ulikuta hali imepungua hadi karibu 50 kati ya 100. Wastani wa taifa mwaka huo ulikuwa 30.

Na hii ni Rukwa ile ile inayohesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa kwa mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma. Njaa si jibu la moja kwa moja. Uwanda wa Ufipa una mahindi, maharage, ulezi na alizeti. Kinachokosekana mara nyingi ni mchanganyiko kwenye sahani ya mtoto, na muda wa mama wa kumlisha mara kadhaa kwa siku wakati kazi za shamba zimepamba moto. Mtoto anabaki na dada yake mdogo, anapewa uji mwepesi wa mahindi asubuhi, halafu anasubiri mpaka watu warudi.

Hapo ndipo mtindi unaweza kusaidia, kama ni mtindi kweli.

Maziwa yaliyoganda yana nini?

Gramu 100 za mtindi mtupu uliotengenezwa kwa maziwa yenye mafuta yake zina protini kiasi cha gramu 3 na nusu, madini ya kalsiamu kiasi cha miligramu 120, na mafuta ambayo mtoto mdogo anayahitaji kwa ajili ya nguvu na ukuaji wa ubongo. Bakteria wazuri wanaogandisha maziwa wamekwishakula sehemu ya sukari yake ya asili, ndiyo maana kuna watu ambao maziwa mabichi au ya moto huwajaza tumbo gesi lakini mtindi wanakunywa bila shida.

Mtindi pia una faida moja ya kawaida kabisa ambayo haitajwi sana: unalika bila kupikwa. Kwa mama anayewahi shamba, vijiko vitano vya mtindi juu ya uji mzito ni mlo uliokwisha kuboreshwa.

Chini ya miezi 6 mtoto hapewi mtindi wala uji wala maji. Ni maziwa ya mama peke yake. Baada ya hapo anaweza kuanza kuonjeshwa kijiko kimoja kimoja, mama akiangalia kama kuna vipele, kutapika au kuharisha, kwa sababu wapo watoto wachache ambao miili yao haipatani na maziwa ya ng'ombe. Kunyonya kunaendelea mpaka miaka 2 na zaidi. Mtindi ni nyongeza tu, hauchukui nafasi ya ziwa la mama.

Geuza kikopo usome nyuma

Picha ya stroberi mbele ya kikopo haina maana kuwa ndani kuna stroberi. Mara nyingi ni ladha na rangi tu. Habari yenyewe iko nyuma, kwa maandishi madogo.

Kwanza angalia orodha ya viambato. Hupangwa kuanzia kilicho kingi zaidi. Mtindi mtupu huwa na vitu viwili: maziwa na bakteria wa kugandishia. Ukiona neno "sugar" au "sukari" likifuata mara tu baada ya maziwa, jua mtoto wako anapewa kitu kitamu chenye maziwa ndani yake.

Kisha tafuta kiasi cha sukari kwa gramu 100. Maziwa yana sukari yake ya asili, kwa hiyo hata mtindi mtupu utaonyesha gramu 4 mpaka 5. Kinachozidi hapo kimeongezwa. Tuseme lebo inasema gramu 12 na kikopo kina gramu 150. Ndani yake kuna gramu 18 za sukari, na kati ya hizo kama gramu 11 ni za kuongezwa. Hivyo ni karibu vijiko vitatu vya chai.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linataka sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu yote ambayo mtu anaipata kwa siku, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na kidogo, asilimia 5 hiyo ni kama gramu 11. Yaani kikopo kimoja tu kimemaliza siku nzima, kabla hajawekewa sukari kwenye uji na kabla hajapewa biskuti na jirani.

Ubaya mwingine wa sukari hii haupimwi kwa meno peke yake. Tumbo la mtoto wa umri huo ni dogo, linabeba takriban kikombe kidogo cha chai kwa mlo mmoja. Likijazwa kitu kitamu, maharage na mboga hayapati nafasi. Na mtoto akishazoea utamu ule, uji wa kawaida anaukataa. Wazazi wengi wanajua vita hii.

Neno "low fat" nalo liangaliwe. Mtu mzima anayepunguza uzito anaweza kulitafuta, lakini kwa mtoto chini ya miaka 2 ni kinyume: anahitaji maziwa yenye mafuta yake yote. Halafu kuna vinywaji vinavyofanana na mtindi lakini vimeandikwa "yoghurt drink" au "flavoured drink". Humo maji na sukari vinaweza kuwa vingi kuliko mtu anavyofikiri. Kama haieleweki, kiache.

Alama ya TBS na tarehe ya mwisho wa matumizi ni vya lazima, ila kwa Sumbawanga havitoshi. Maziwa mengi ya viwandani yanayofika huko yametoka mikoa mingine, na barabara kutoka Tunduma pekee ni zaidi ya kilomita 200. Umeme wa Rukwa nao kwa miaka mingi umekuwa ukinunuliwa Zambia, na kukatika kwake si habari mpya kwa mwenyeji. Friji inaweza kuwa imezima usiku kucha na asubuhi ikawashwa kama hakuna kilichotokea. Kikopo au pakiti iliyovimba, mfuniko uliojaa hewa, au mtindi uliojitenga na kutoa harufu ya pombe, usinunue hata kama tarehe bado.

Mtindi wa kibuyu na maziwa ya bodaboda

Kwa familia nyingi za Kalambo, Nkasi na vijiji vya Sumbawanga, swali la lebo halipo. Maziwa yanatoka kwa jirani mwenye ng'ombe, au yanapanda kutoka bonde la Ziwa Rukwa ambako wafugaji, wakiwamo Wasukuma waliohamia na mifugo yao, wana ng'ombe wengi. Yanafika kwenye madumu, kwa baiskeli au bodaboda, mengine yakiwa yamekwishaanza kuganda njiani.

Hapa hatari si sukari, ni vijidudu. Maziwa yasiyochemshwa yanaweza kubeba ugonjwa wa brusela na kifua kikuu cha ng'ombe. Watu wengi wanaamini kwamba maziwa yakishakuwa machachu basi yamejisafisha. Uchachu hupunguza baadhi ya vijidudu, ni kweli, lakini hauwezi kutegemewa kuua hao wa brusela na kifua kikuu. Moto ndio unaowaua. Ikiwa muuzaji anasema mtindi wake uliganda wenyewe bila kuchemshwa, huo si wa mtoto, na hata mjamzito auache.

Jambo la pili ni mafuta. Kwa desturi ya kibuyu, maziwa yakishaganda husukwasukwa, siagi ikatolewa kwa ajili ya samli, na kinachobaki ndicho huitwa mtindi. Ni kinywaji kizuri na protini imo, lakini mafuta yameondoka. Kwa mtoto mdogo ni bora atengewe sehemu yake kabla ya kusukwa.

Kugandisha nyumbani kwenye baridi ya Ufipa

Aliyezoea kutengeneza mtindi Dar es Salaam akihamia Sumbawanga hushangaa. Dar maziwa yanaganda yenyewe juu ya meza. Kwenye uwanda ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hasa Juni na Julai, unaweza kuamka asubuhi ukayakuta kama ulivyoyaacha.

Kinachotakiwa ni kuyatunzia joto. Lita moja ya maziwa ichemshwe mpaka ichemke kweli, ikikorogwa isiungue. Iachwe ipoe kwenye chombo kilichofunikwa hadi iwe vuguvugu, kiasi kwamba kidole kilichonawishwa kwa sabuni kinaweza kukaa ndani huku ukihesabu mpaka kumi bila kuungua. Ikiwa ya moto sana, bakteria wa kugandishia watakufa. Ikipoa sana watalala.

Hapo weka vijiko viwili vikubwa vya mtindi mtupu, ule usio na sukari, koroga taratibu, funika. Chombo kifungwe kwa blanketi au kiwekwe ndani ya chupa kubwa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Baada ya saa 6 hadi 8 huwa tayari. Wengine hukiweka karibu na mafiga yenye jivu la moto, na inafanya kazi ilimradi kisigeuke jiko.

Kabla ya kuula, chota vijiko viwili vya kugandishia vya kesho. Kikopo kimoja cha dukani kisicho na sukari kinaweza hivyo kuzaa lita kadhaa, na hapo ndipo hela inapookolewa. Angalia tu kikopo hicho kiwe cha mtindi unaohifadhiwa kwenye friji. Aina zinazokaa rafuni miezi mingi bila ubaridi huwa zimepashwa moto baada ya kuganda, bakteria wake wamekufa, hazitagandisha kitu.

Ukitaka utamu, ponda ndizi mbivu, parachichi au papai. Asali ya Katavi na Rukwa ni nzuri na inapatikana, lakini mtoto asipewe kabla ya kutimiza mwaka mmoja, hata ya kupakwa mdomoni. Inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzidhibiti, na ugonjwa wake hulegeza misuli mpaka ya kupumulia.

Usizidishe

Maziwa yana madini chuma kidogo sana, na yakinywewa kwa wingi huzuia mwili kufyonza madini hayo kutoka kwenye vyakula vingine. Mtoto anayeshibishwa mtindi kutwa anaweza kunenepa huku akipungukiwa damu. Akishatimiza mwaka, kikombe kimoja hadi viwili kwa siku, ukijumlisha maziwa yote, vinatosha. Chini ya hapo ni vijiko kadhaa pamoja na chakula.

Chakula chenyewe kipo karibu. Maharage ya Ufipa yaliyopondwa, mayai, mboga za majani, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaouzwa sokoni wakiwa wamekaushwa. Dagaa anayesagwa mzima na mifupa yake hutoa pia kalsiamu, kwa hiyo hata nyumba isiyo na uwezo wa maziwa ina njia.

Mtoto akiharisha, mtindi mtupu haumdhuru, ila kwanza apate maji ya chumvichumvi ya ORS na vidonge vya zinki kutoka kituo cha afya, na aendelee kunyonya. Akiwa na damu kwenye choo, macho yameingia ndani au hawezi kunywa, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtindi wa nyumbani bila friji, ukifunikwa kwenye chombo safi sehemu yenye ubaridi, umlishe mtoto ndani ya siku moja. Ukizidi hapo na kuwa mkali, unaweza kukandia unga wa maandazi ya wakubwa.