Askari Walioipa Kisogo Tabora

Mkazi wa Dar es Salaam anayepita Mtaa wa Samora huiona kila siku Sanamu ya Askari, singe mbele, amesimama peke yake. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kubeba mizigo upande wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Sanamu ni nzuri, lakini askari wa vita ile, hasa wa upande wa Wajerumani, hakuwa peke yake. Nyuma yake palikuwa na mke, watoto, mpagazi, chungu na kinu.

Ndugu msikilizaji, hebu twende Vwawa, mji ambao leo ni makao makuu ya Mkoa wa Songwe. Msafiri wa Tunduma huupita mji huu akiwa na haraka ya kufika mpakani. Mwishoni mwa Oktoba 1918 walipita katika nchi hii ya Mbozi wasafiri wengine, nao walikuwa na haraka zaidi. Lilikuwa jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, likitokea Ubena na kuelekea Fife, kituo cha Waingereza ng'ambo ya mpaka, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Wazungu ndani yake hawakufika 200. Askari Waafrika walikuwa elfu moja na mia kadhaa, na nyuma yao vikosi vya KAR, navyo vya Waafrika, vikiwafuata.

Kambi ya jeshi hilo ilikuwa kijiji kinachotembea. Jioni zilikatwa nyasi, vikajengwa vibanda, na alfajiri vikaachwa. Jeshi lilimgawia askari nafaka, si chakula kilichopikwa. Mkewe ndiye aliyetwanga, akateka maji, akapika. Kesho yake akabeba chungu kichwani na mtoto mgongoni, akatembea mwendo ule ule wa mumewe. Dawa ya malaria ilikuwa maji machungu ya magome ya mti wa kwinini yaliyochemshwa. Magome ya miti mingine yalifunga majeraha, na mafuta ya kiboko yalikuwa mboga ya thamani.

Na nafaka yenyewe ilitoka wapi? Jeshi lililokatiwa njia zote za bahari halikuletewa hata gunia moja. Lilikula ghala za wenyeji mahali lilipopita. Chakula cha kambi kilikuwa njaa ya mtu mwingine, na jambo hili wasimulizi wa Ulaya hulipita upesi mno.

Sasa, mtu huyu aliwazaje juu ya nyumbani? Njia mojawapo ya kujua ni kutazama nyayo: nani alibaki na nani aliondoka. Jeshi liliporudi kutoka Msumbiji na kuvuka Ruvuma tarehe 28 Septemba 1918, lilipita Songea. Wangoni kadhaa waliokuwamo wakatoroka. Walikuwa hawajawaona jamaa zao kwa miaka, na moshi wa nyumbani ulikuwa karibu. Lettow mwenyewe, katika kumbukumbu zake, hakuwalaumu sana. Aliona kwamba kumtaka mtu apite kwao bila kusimama ni kumtaka mengi mno.

Waliobaki je? Huko Ujerumani, baada ya vita, ilienezwa hadithi ya askari mwaminifu aliyempenda bwana wake hadi mwisho. Mimi hadithi hiyo naipokea kwa mashaka. Askari alikuwa na sababu zake. Mshahara wake wa miaka ulikuwa haujalipwa, na aliyetoroka alipoteza deni lake. Mkewe na wanawe walikuwa pale pale kambini. Kuwaacha ilikuwa kuiacha nyumba. Tena, ukiwa mbali na kwenu, ungekimbilia kwa nani? Kwa wanakijiji ambao jana uliwachukulia mtama?

Hapo ndipo ulipokuwa uchungu wa Mbozi. Wengi katika jeshi lile walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma, na Waingereza walidhani Lettow angeelekea Tabora. Njia ya Tabora ilikuwa kaskazini. Jeshi likageuka kusini-magharibi. Kwa Mnyamwezi, ile haikuwa hatua ya kivita tu. Kila siku ya mwendo ilimwongezea umbali kutoka kwao, huku homa kali ya mafua, iliyokuwa ikiua watu duniani kote, imekwisha kuingia kambini.

Mwanzoni mwa Novemba walikuwa mbele ya Fife. Kituo kilikuwa na mahandaki imara. Risasi zikapigwa, lakini Lettow aliona kukivamia kungemgharimu watu wengi, akakiacha. Kisha akafika Kasama. Tarehe 11 wakubwa wa Ulaya wakatia saini kusimamisha vita, lakini habari zilimfikia karibu na mto Chambeshi tarehe 13. Aliyeanguka siku mbili zile alikufa katika vita ambayo Ulaya ilikwisha kuifunga.

Silaha ziliwekwa chini Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Kisha askari wakapitishwa Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, wakapandishwa gari moshi. Walipelekwa wapi? Tabora. Mnyamwezi aliyeipa kisogo Tabora pale Mbozi alifika kwao akiwa mateka, ndani ya kambi yenye ulinzi, na mafua yakawafuata huko huko. Wengine walikufa wakiwa wamekaribia kabisa milango ya mama zao.

Deni la mshahara lilisubiri. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow, Serikali ya Ujerumani Magharibi ilikubali kuwalipa waliokuwa bado hai. Wazee wakajitokeza, wakiwa wameishi na deni hilo zaidi ya miaka 40. Malipo yalikuwa ya askari. Bibi aliyebeba chungu kutoka Ruvuma hadi Mbozi hakuwa na namba ya jeshi.