Kisukari na Kazi ya Usiku Ziwani



Wavuvi wa ndagala wa Rumonge huingia ziwani jua likizama, huwasha taa kuwaita samaki, na hurudi alfajiri. Kazi hiyo haifuati saa za chakula. Kwa mwenzetu mwenye kisukari cha aina ya pili hapo ndipo penye hatari, nasi twaona haizungumzwi vya kutosha.

Anayetumia metformini peke yake, ni nadra sukari yake kushuka mno. Lakini aliyepewa glibenklamidi au insulini, akavuta nyavu usiku kucha na tumbo tupu, sukari huporomoka: jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Na kuzimia mtumbwini, ndugu, si sawa na kuzimia nyumbani. Basi abebe chakula, atie sukari mfukoni, na wenziwe waujue ugonjwa wake. Kuficha si ushujaa.

Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Mguu uliokufa ganzi hausikii msumari wala mwiba wa samaki. Kila asubuhi nyayo zioshwe na kutazamwa. Kidonda, hata kidogo, kipelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mbalamwezi ikijaa, uvuvi wa taa husimama siku kadhaa. Tunawashauri wanachama wazitumie kupima sukari na presha. Kabla ya kula, wagonjwa wengi hulenga miligramu 80 hadi 130 kwa desilita. Na aliyeitwa na daktari siku ya kazi, mwenye mtumbwi asimpe mwingine nafasi yake.