Je, Wajua? Nota kumi hubeba zaburi nzima

Katika uimbaji wa zaburi wa Kianglikana, tuni fupi kabisa ina nota kumi tu: nne kwa nusu ya kwanza ya mstari, sita kwa nusu ya pili. Nota inayoanza kila nusu hubeba silabi nyingi kadiri maneno yanavyodai, kwa hiyo kwaya hufuata mwendo wa usemi. Ni ufundi mzuri mno! Kwaya ya King's College, Cambridge, chuo kilichoanzishwa 1441, ilirekodi zaburi hivyo chini ya David Willcocks, kiongozi wake 1957–1974.

Uimbaji huu unaihusu Uganda pia: Rukoki, Kasese, imo katika Dayosisi ya Kianglikana ya Rwenzori Kusini, iliyoundwa 1984. Lugha ya huko, Lukonzo, ina toni, na tuni ya kigeni huweza kupotosha maana ya neno. Wanakwaya wa Rukoki na Bwera, pia Kasese, tungeni tuni zinazofuata Lukonzo, kisha mzirekodi.