Simu Ilisema Joto ni Sawa

Mama aliyelea mtoto anaujua usingizi wa nusu. Jicho moja limefumba, la pili liko kwa mtoto mwenye homa. Sisi wanawake saba wa kikundi chetu hapa Mpanda tuliujua usingizi huo tena ukubwani, safari hii kwa ajili ya mayai.

Kwetu mkoani Katavi kuku wa kienyeji ni akiba ya mama. Daftari la shule, dawa ya mtoto, nauli ya treni ya kwenda Tabora, vyote huweza kutoka bandani. Lakini kuku mmoja hufunika mayai kumi au kumi na mawili tu, kisha huwalea vifaranga wake kwa majuma mengi bila kutaga. Ndiyo sababu tulichangishana tukatengenezewa sanduku la kutotolesha mayai 180, lenye balbu nne za kutia joto na feni ndogo ya kulisambaza. Tuliliweka nyumbani kwa mwenzetu mmoja mtaa wa Makanyagio, mama kijana wa watoto wawili, kwa kuwa alikuwa na chumba cha akiba chenye umeme.

Yai la kuku huanguliwa kwa siku 21. Katika sanduku lenye feni, joto hutakiwa kukaa karibu na nyuzi 37.5 hadi 37.8 za Sentigredi. Likishuka kwa muda mfupi, kama vile kuku anapotoka kwenda kula, kwa kawaida mayai huvumilia. Likipanda sana hayavumilii. Kifaranga hufia ndani ya ganda, nawe hutajua mpaka siku ya kuangua.

Mwanzoni tulitegemea kipimajoto cha kioo na mkono wa mwenzetu. Saa tatu usiku, saa sita na saa tisa aliamka kuchomeka au kuchomoa balbu. Baada ya miezi miwili alikuwa amekonda. Mumewe alitutania kwamba mayai yamemnyang'anya mke, nasi tukacheka, ingawa tuliona kuwa utani ule una ukweli ndani yake.

Vitu vitatu vinavyosaidiana

Fundi mmoja kijana akatuambia kazi ile inaweza kufanywa na vifaa vidogo vinavyozungumza kwa mtandao wa waifai wa nyumbani. Tueleze kama tulivyoelezwa, maana si jambo gumu.

Cha kwanza ni kihisi joto. Ni kama ncha ya kidole: hugusa joto la sanduku na kulitaja kwa tarakimu. Cha pili ni programu, inayokaa katika kompyuta ndogo inayotosha kiganjani. Programu hupokea tarakimu na kuamua la kufanya. Cha tatu ni rilei, yaani swichi inayobonyezwa na umeme mdogo badala ya kidole cha mtu. Programu ikisema "washa", rilei huunganisha waya na balbu zikawaka. Ikisema "zima", hukata.

Yetu iliwekwa hivi: joto likifika chini ya 37.4, washa, likipita 37.8, zima. Ile nafasi kati ya tarakimu mbili ina maana yake. Bila nafasi hiyo, rilei ingewaka na kuzimika kila mara hadi ichakae upesi. Na mwenzetu aliweza kutazama joto katika simu yake akiwa kitandani, bila kukanyaga sakafu ya baridi. Tulimshukuru Mungu, tukaona tumepumzika.

Usiku ule wa Julai

Mwaka jana, mwezi wa Julai, mayai yalikuwa yametimiza siku 16. Tulikuwa tumeyamulika siku ya saba na kuona mishipa ya damu, ishara ya uhai, karibu katika yote. Saa tatu usiku mwenzetu aliyageuza kama kawaida, akalala. Saa sita alitazama simu: 37.3. Saa tisa akatazama tena: 37.3. Akafunika watoto, akalala.

Saa kumi na moja alfajiri alifungua sanduku ili ageuze mayai, na joto likampiga usoni. Kipimajoto cha kioo kilisoma 42. Simu mkononi mwake bado ilisema 37.3.

Baadaye tulielewa kilichotokea. Plagi ya chaja iliyokuwa ikilisha kihisi ililegea mapema usiku, kihisi kikazimika. Tarakimu yake ya mwisho ilikuwa 37.3, na kwa tarakimu hiyo programu ilikuwa imeshaamuru balbu ziwake. Programu haikupata habari nyingine, basi ikaendelea kuishika ile ya mwisho kana kwamba ni ya sasa. Rilei nayo haikupata amri ya kuzima, ikabaki imewasha. Kila kifaa kilitii, na mayai yakaiva.

Hakuna kilichoangua. Mayai 180 tuliyazika nyuma ya nyumba.

Tulivyomlaumu mwenzetu

Hapa ndipo tunapoona haya kusimulia. Jumapili baada ya ibada tulikutana, na kila mmoja wetu alikuwa ameshapata mkosaji. Mkubwa wetu akamwuliza, "Mwanangu, ulilala?"

"Mama, niliangalia mara mbili. Ilisema 37.3."

Hatukumwamini. Tulisema mashine haiwezi kukosea mara mbili. Mmoja akasema vijana wa siku hizi wanapenda usingizi. Mwenzetu hakujibu. Aliacha funguo za chumba juu ya meza akaenda zake na mtoto mgongoni.

Karatasi ya kliniki

Aliyetufumbua macho ni mwanakikundi aliyempeleka mjukuu wake kupata chanjo. Alipokuwa akisubiri zamu aliona karatasi imetundikwa karibu na jokofu la chanjo, nesi akiandika: tarehe, asubuhi, jioni, na joto la kila wakati. Akauliza sababu. Nesi akamweleza kwamba chanjo hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Joto huzipunguza nguvu, na baadhi yake huharibika pia zikiganda. "Tarakimu bila saa yake hainisaidii," nesi alisema. "Nitajuaje kama ni ya leo?"

Akina mama, maneno hayo yalitushika. Simu yetu ilikuwa imetuonyesha tarakimu bila saa. Tulipomwita fundi akafungua kumbukumbu za programu, tuliona mstari wa joto ukipanda na kushuka jioni nzima kama kifua cha mtu anayepumua, kisha kuanzia saa nne na robo ukanyooka kama kamba mpaka asubuhi. Joto lililo hai halikai mahali pamoja usiku kucha. Ile ilikuwa tarakimu mfu, na mwenzetu alikuwa amesema kweli.

Mkubwa wetu alikwenda Makanyagio siku hiyohiyo. Yule binti alipomwambia "Shikamoo mama," alimwitikia, "Marahaba mwanangu. Leo nimekuja kukuomba radhi." Tulimfuata wote, mmoja baada ya mwingine.

Tulivyopanga upya

Hatukuvitupa vifaa. Kosa lilikuwa la mpangilio, na letu sisi tusiouliza maswali. Haya ndiyo tuliyobadilisha, nawe yaweza kukufaa hata kama ni banda la vifaranga au jokofu la maziwa.

Kwanza, kazi ya kuwasha na kuzima tuliirudisha ndani ya sanduku lenyewe, kwa kidhibiti joto kisichotegemea mtandao. Mtandao sasa ni wa kutazama na kupiga kelele tu. Wazo la kifaa kujirekebisha chenyewe ni la kale. Mholanzi Cornelis Drebbel, aliyefariki London mwaka 1633, alitengeneza tanuri lililojirekebisha joto kwa msaada wa zebaki, nalo likatumika pia kuangulia vifaranga. Hakuwa na umeme wala simu.

Pili, tuliongeza swichi ya usalama inayokata umeme wa balbu joto likifika 38.5, hata kama vifaa vingine vyote vinasema washa. Rilei nayo huweza kunasa, vyuma vyake vikashikana visiachane.

Tatu, programu iliamriwa kwamba ikikosa habari za kihisi kwa dakika kumi, ifute tarakimu, iandike "haipatikani", na simu ilie. Programu nyingi zina uwezo huo. Home Assistant, iliyoanzishwa mwaka 2013 na Mholanzi Paulus Schoutsen na inayotolewa bure, huweza kupangwa hivyo, na hufanya kazi ndani ya nyumba hata intaneti isipokuwepo.

Nne, kengele ya umeme kukatika ina betri yake. Umeme ukienda, kompyuta ndogo na kifaa cha waifai huzimika pamoja na balbu, na mlinzi aliyelala hawezi kukuamsha. Sisi wa Mpanda tulioishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli tulipaswa kulikumbuka hilo. Umeme ukikatika hatufungui sanduku. Tunalifunika blanketi, tukiacha matundu ya hewa, na tunaliegemeza chupa za maji ya moto. Jiko la mkaa hatuliingizi kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa sababu ya hewa yake ya sumu isiyo na harufu.

Tano, waya zote za umeme mkubwa zilifungwa na fundi umeme anayejua kazi. Rilei ndogo nyingi zimeandikwa ampea 10. Balbu zetu nne za wati 60 hutumia takriban ampea moja tu. Jiko la umeme la wati 2,000 hukaribia 9, na hilo si la kujaribia.

Sita, kipimajoto cha kioo kimerudi ndani ya sanduku, na daftari limetundikwa mlangoni. Kila anayegeuza mayai huandika tarehe, saa, joto la kioo na joto la simu. Yakitofautiana, hulali mpaka ujue sababu. Zamu za usiku sasa ni za wote saba. Mwenzetu hulala kwake siku sita kwa juma.

Mama mpendwa, ukiletewa kifaa cha kukulindia kitu, muulize fundi maswali matatu mbele yako: kikinyamaza nitajuaje? Umeme ukikatika kitafanya nini? Na nikitaka kukizima kwa mkono wangu, swichi iko wapi? Fundi mwema hatachukia. Na siku mambo yakiharibika, mwangalie kwanza mwenzako machoni, umsikilize, kabla hujaamini kilichoandikwa kwenye kioo cha simu.

Septemba tuliweka mayai mengine 180. Siku ya 21 tulisikia mlio wa kwanza tukiwa wote saba chumbani, na waliotoka walikuwa vifaranga 131. Aliyewahesabu ni yeye mwenzetu, na sisi tulishika daftari.