Mofini si dawa ya kumuua mgonjwa

Mama mmoja mwenye saratani ya mlango wa kizazi iliyosambaa aliletwa wodini akiwa amejikunja kwa maumivu. Nilipomwandikia mofini ya maji, alikataa. "Dokta, haya ni malipo ya ujana wangu. Niache nilipe hapa hapa duniani." Binti yake alisema mofini ndiyo wanayopewa watu ili wafe upesi. Mwanawe wa kiume alitaka mama awekwe kwenye mashine ya kupumulia. Kumrudisha nyumbani, alisema, ni kumuua. Wote watatu ni Wakristo, na kila mmoja alimtaja Mungu.

Nianze na hayo malipo. Karibu saratani zote za mlango wa kizazi husababishwa na kirusi cha HPV, ambacho hata mwanamke aliyemjua mume mmoja tu anaweza kukipata. Wengi hukipata na mwili hukiondoa wenyewe. Na wasomaji wa Biblia wanakumbuka Ayubu, ambaye rafiki zake walishikilia kuwa ametenda dhambi, mwishowe Mungu akawakemea wao.

Mofini ikipimwa vizuri na kuongezwa kidogo kidogo kadiri ya maumivu, haiui. Huleta usingizi siku za kwanza, na kufunga choo, ndiyo maana tunaiandika pamoja na dawa ya kulainisha choo. Mwaka 1957 Papa Pius wa XII aliulizwa na madaktari kuhusu jambo hili. Alijibu kuwa inaruhusiwa kutuliza maumivu hata kama dawa ingeweza kufupisha maisha, mradi hakuna njia nyingine na nia si kuua. Mwaka huo huo aliwaambia pia kuwa mgonjwa halazimiki kupokea tiba zilizo mzigo kupita kiasi. Papa Yohane Paulo wa Pili, aliyepinga vikali kuwaua wagonjwa kwa kisingizio cha huruma, alipozidiwa mwaka 2005 hakurudishwa hospitali. Alifariki chumbani kwake Vatican, Aprili 2.

Kuacha mashine isiyoweza kuponya na kumchoma mtu sindano ya kumuua ni mambo mawili tofauti. Hili la pili Kanisa Katoliki linalikataa, na sheria yetu pia.

Kosa langu siku ile lilikuwa kuzungumza na watoto kwenye korido, mwenye ugonjwa nikamwacha kitandani. Tunahubiriwa kuwa Mungu alimpa binadamu hiari, lakini mtu anayelia kwa maumivu ana hiari gani? Atakubali lolote ili yaishe, au atakataa lolote kwa hofu. Mkristo anaweza kuchagua kuvumilia sehemu ya mateso yake, na ninamheshimu. Ila achague akili ikiwa imetulia, na asichaguliwe na ndugu.

Nilirudi kwake, nikamwomba ajaribu dozi ndogo kwa siku moja tu, kisha aamue mwenyewe. Kesho yake aliketi, akaomba uji. Halafu akatueleza anachotaka: mashine hapana, padri aitwe, deni lake la kikoba lilipwe, na alale kwenye kitanda chake.

Aliishi wiki tano zaidi, nyumbani. Yule mwanawe aliyetaka mashine ndiye aliyeweka kengele kwenye simu, kila baada ya saa 4, ampe mama dawa.